Kitufe cha Mama Davis

Mlioisoma wiki jana mnajua tulipomwacha Elinipendo: kitandani, wodi ya upasuaji hapa Moshi mjini, macho ameyafumba kama aliyelala, kumbe yu macho kuliko nesi wa zamu. Alikuwa anamtega mtu. Kuna mtu aliyekuwa akisubiri alale, kisha anakibonyeza kitufe cha mashine ya dawa ya maumivu, na dawa inamwingia mshipani bila yeye kuiomba.

Kiti kikasogezwa. Mkono ukapapasa shuka, ukakiokota kitufe. Mashine ikalia mlio wake mfupi.

Elinipendo akafumbua macho.

Hakuwa Davis, mwanawe, ambaye ndiye aliyemshuku tangu mwanzo. Hakuwa mgeni wala jirani. Aliyekishika kile kitufe alikuwa Eliufoo, mume wake wa ndoa, mzee wa kanisa, mtu ambaye watu wa Old Moshi hawafungui kikao mpaka yeye aombe.

Elinipendo akamdaka kifundo cha mkono kabla hajakirudisha.

"Baba Davis. Ni wewe."

Eliufoo hakuruka. Alitulia kama mtu aliyekutwa na Biblia mkononi, akasema alimwona mkewe akikunja uso usingizini, na hawezi kumtazama akiteseka wakati dawa ipo pale pale. Alikuwa anamwonea huruma tu.

"Sikuwa nimelala," Elinipendo akamwambia. "Na uso sikuukunja."



Hasira ikampanda Elinipendo kuanzia kwenye mshono. Walimpasua kuanzia chini ya kifua hadi kitovuni, wakamtoa wengu uliopasuka gari lilipopinduka. Tangu siku ile, kila alipoanza kuzinduka alizama tena, kama mtu anayesukumwa kichwa majini. Mara moja pumzi ilimpungua mpaka midomo ikabadilika rangi, wakakimbilia oksijeni na sindano ya kumzindua. Lawama zote zikamwangukia nesi Flavia, kwamba ndiye aliyeipanga mashine vibaya. Alihojiwa kama mwizi wa dawa. Na wakati wote huo Eliufoo alikuwa amekaa pale pale, kofia magotini, akitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ulitaka nisiamke nikasema nini?" akamuuliza.

Mumewe akatazama mlangoni, kisha akainama. Akaanza kwa upole, kwa ile sauti yake ya kusuluhisha ndoa za watu. Alisema mambo yamekwisha. Polisi wameshaandika maelezo, na maelezo yanasema aliyekuwa anaendesha pikapu ni Amon. Amon, Mungu amlaze pema, amekufa. Ajali ni ajali, na kulifukua jambo hilo ni kujitafutia balaa.

Elinipendo alidhani dawa imemchezea masikio. Amon alikuwa mkamuaji wao, mtu wa Singida aliyekuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini, akapandishwa mlimani kuwahudumia ng'ombe, akakaa nao mpaka akajua kuamkia watu kwa Kichagga. Amon hakujua kuendesha hata kidogo. Siku ya ajali alikuwa nyuma, amekaa katikati ya madumu ya maziwa, ameyakumbatia yasimwagike.

Kwenye usukani alikuwa Davis. Davis aliyetoka kunywa pombe ya mbege tangu asubuhi. Davis ambaye mama yake alimwomba apunguze mwendo, naye akaongeza sauti ya redio.

"Nani aliwaambia polisi kwamba ni Amon?"

"Mimi."

"Hukuwemo kwenye gari."

"Mama Davis," Eliufoo akasema, na sasa upole ulikuwa umemwisha, "maiti hafungwi. Davis anafungwa."

Msomaji, kuna maneno ambayo mtu akishayasema hayarudi mdomoni. Elinipendo aliyatazama yale maneno yakielea kati yao, akamtazama na aliyeyasema, akaona kwamba ameishi na mtu huyu miaka yote bila kumjua. Alikuwa amelazwa usingizi kama mtoto msumbufu ili mtu mwingine abebeshwe mauti yake mwenyewe.

Akanyoosha mkono akavuta kamba ya kengele ya kumwitia nesi.

Flavia aliingia akikaza mwendo. Tangu alipolaumiwa alikuwa haingii chumba kile bila kuonekana amejiandaa kwa ugomvi, na safari hii ugomvi ulimsubiri kweli. Elinipendo alimweleza kwa kifupi, mkono wa mumewe ukiwa bado kwenye kiganja chake kama kidhibiti cha kesi. Flavia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Eliufoo, na kwa kuwa ni binti aliyelelewa vizuri alianza kwa heshima.

"Baba, shikamoo. Unajua kwa nini hii mashine tunampa mgonjwa mwenyewe aishike?"

Eliufoo akasema hajui, yeye si daktari.

"Kwa sababu mgonjwa akizidiwa na dawa, anasinzia. Akisinzia, kidole kinalegea, habonyezi tena. Usingizi wake ndio breki. Wewe ulikuwa unambonyezea akiwa amelala. Ulikata breki, baba. Ulikuwa unamuua mke wako taratibu, na mimi nilikuwa naandikiwa barua ya kujieleza."

Eliufoo alijaribu kurudia habari ya huruma. Flavia akamwonyesha mlango. Alisema kwamba kuanzia saa hiyo haruhusiwi kukaribia kitanda peke yake, na kwamba anakwenda kumpa daktari taarifa, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Na polisi," Elinipendo akaongeza. "Niitieni polisi."

Eliufoo alisimama mlangoni. "Utamfunga mwanao kwa ajili ya mkamuaji?"

"Huyo mkamuaji ana jina."

Akatoka. Lakini hakwenda mbali, na mtasikia sasa hivi alikokwenda.

Kabla polisi hajafika, aliingia mwanamke mmoja ambaye Elinipendo alikuwa amemwona mara chache tu, kwenye sikukuu. Alikuwa amevaa kitenge cheusi kilichofifia na viatu vya wazi vyenye vumbi la mashamba ya miwa. Mkononi alikuwa na chupa ya uji. Alikuwa Pamela, mke wa Amon. Mjane wa Amon.

Akaweka chupa mezani, akapiga magoti pembeni ya kitanda.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumwombea mume wangu msamaha."

 

Pamela akaendelea, macho sakafuni. Alisema anausafirisha mwili kwenda Singida, lakini hawezi kuondoka na deni la moyo. Mume wake aliendesha gari asilolijua, akaliangusha, nusura awaue watu waliomlisha. Haelewi shetani gani alimwingia. Anaomba asamehewe ili akazikwe mtu mwepesi.

"Nani alikwambia uje?"

"Baba Davis. Alisema ni vizuri nije, ukiwa macho au umelala."

Hapo ndipo Elinipendo alipojua kwamba hasira aliyokuwa nayo asubuhi ilikuwa mzaha. Mtu ameuawa. Mtu amesingiziwa. Na sasa wamemtuma mkewe apande daladala, apige magoti kwenye sakafu ya hospitali, aombe radhi kwa waliomdhulumu.

"Inuka," akasema.

Pamela akadhani hajasamehewa, akainamisha kichwa zaidi.

"Inuka, nakwambia. Usinipigie magoti. Amon hakuendesha lile gari. Alikuwa nyuma na maziwa."

Pamela aliinuka polepole, mkono mmoja ukishika chuma cha kitanda. Hakulia. Aliuliza kama ni kweli, akaambiwa ni kweli. Akauliza kama mumewe aliwahi kufundishwa gari pale nyumbani kwao, akaambiwa hapana, hata siku moja. Ndipo uso wake ulipobadilika, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo wa mwingine barabara nzima na sasa ameambiwa wa nani.

"Niliwaambia polisi," alisema. "Niliwaambia mume wangu hajui gari. Baba Davis akasema mbele yao kwamba mke hajui yote ya mumewe. Nikanyamaza. Nikaanza kumchukia marehemu. Nimemwosha Amon nikiwa nimemchukia, mama."

Elinipendo alitaka kumshika mkono. Pamela akaurudisha nyuma.

"Nani aliendesha?"

Ni neno moja tu, jina. Lakini mama alilitafuta mdomoni kama mfupa wa samaki. Alimnyonyesha mwenye jina hilo, alimbeba mgongoni akipanda mlima kutoka mtoni, alimfulia shati la kipaimara. Akalisema.

"Davis."

Pamela akaitwaa chupa yake ya uji kutoka mezani, akaikumbatia, akakaa kwenye kiti alichokuwa akikalia Eliufoo. Alisema haondoki mpaka maneno hayo yasemwe mbele ya serikali.

Serikali ilifika na viatu vizito. Alikuwa afande Leodegar wa usalama barabarani, mtu mzima, mnene, mpole, ambaye alikwishakuja mara kadhaa na kumkuta Elinipendo amezama usingizini. Lakini hakuja peke yake. Eliufoo alikuwa amemvizia getini, na walipokuwa wanapanda ngazi alikwishamjaza maneno. Nyuma yao alikuja Davis, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa shingoni, akasimama mlangoni bila kuingia wala kutoka.

Elinipendo akaanza kueleza. Hakufika mbali.

"Afande," Eliufoo akakatiza, kwa adabu, "nilikwambia. Mke wangu ana mofini mwilini. Juzi alikuwa anaongea na ng'ombe. Utaandika maneno ya mtu aliyelewa?"

Leodegar akaishusha kalamu. Alisema, kwa kusitasita, kwamba mzee ana hoja. Maelezo ya mtu aliye kwenye dawa kali wakili atayachana mahakamani. Labda arudi mama akishaondolewa mashine.

Mnauona ujanja huo? Kwanza wanamlevya, kisha wanasema amelewa.

Elinipendo akakichukua kile kitufe, akakisukuma mpaka ukingoni mwa kitanda, mbali na mkono wake.

"Basi sibonyezi. Kaa hapo afande. Dawa iishe, nikuambie nikiwa mkavu."

Flavia akamwambia si lazima. Hakumsikia. Alitaka wamwone. Alitaka Eliufoo amwone.

Wakakaa. Walioko nje wakawa wanapita na vyombo vya mtori, ile supu ya ndizi, kuwalisha wagonjwa wao. Maumivu yakaja. Mwanzoni yalikuwa joto tu kwenye mshono, kisha yakawa kisu, kisha yakawa mkono mzima unaochakura tumboni ukitafuta kilichobaki. Jasho likamtoka mpaka mto ukalowa. Akaguna kwa Kichagga, akimwita mama yake aliyekwisha kufa. Alipofumbua mdomo ampe afande maelezo yake, meno yaligongana. Alitaka kusema Davis, akasema Amon. Akajisahihisha, akakosea tena.

"Mnaona wenyewe," Eliufoo akasema.

Pamela alikuwa amesimama. Flavia akakiokota kitufe, akakiweka kiganjani mwa Elinipendo na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Maumivu nayo yanalevya, mama," akamwambia. "Hujaambiwa na mtu yeyote kwamba ukweli lazima usemwe kwa mateso. Bonyeza. Wewe mwenyewe."

Akamtuma mhudumu amwite daktari.

Elinipendo akabonyeza. Kidole chake mwenyewe, kwa hiari yake, kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe. Mashine ikalia. Baada ya muda ule mkono uliokuwa ukimchakura tumboni ukalegea, ukarudi nyuma, ukakaa pembeni. Haukuondoka, ila alipata nafasi ya kupumua. Na kichwa, wasomaji, kichwa kilikuwa cheupe. Hakusinzia. Hakuona ng'ombe.

Daktari Kornel alifika amekunja mikono ya koti. Alimpima, akamuuliza jina, akamuuliza yuko wapi, siku gani, na nini kilimpata. Alijibiwa yote. Akamwambia Leodegar kwamba mgonjwa anayejipimia dawa kwa kadiri ya maumivu yake anajua anachosema, na kwamba yuko tayari kuliweka hilo kwa maandishi. Asiyejua anachosema ni yule anayebonyezewa na mtu mwingine. Alisema hivyo akimtazama Eliufoo. Flavia, ambaye daktari huyo huyo ndiye aliyemlaumu, hakumtazama kabisa.

"Andika, afande," Elinipendo akasema.

Akaeleza. Mbege, redio, mwendo, kona ya kushuka kutoka Kidia, shimo, miti ya kahawa ikija kwenye kioo. Amon nyuma na madumu. Davis kwenye usukani. Alieleza pia mkono alioukamata asubuhi ile juu ya shuka. Kalamu ya Leodegar ilikimbia bila kupumzika. Pamela alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno, taratibu, kama anayemhesabia marehemu haki yake.

Alipomaliza, Elinipendo aligeuza shingo mlangoni.

"Davis. Kama nimeongopa, nisahihishe."

Kijana alikuwa amejiegemeza kwenye mwimo. Hakuwa yule Davis anayetoka Dar na kuingia nyumbani akiita watu "wanangu" na kucheka. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka.

"Davis, nyamaza," baba yake akasema. "Hakuna anayekulazimisha."

"Mama hajaongopa," Davis akasema.

Eliufoo akapiga hatua kumwelekea. Leodegar, pamoja na unene wake, akawa amekwisha kusimama kati yao.

Davis akaendelea, akiongea na sakafu. Alisema gari lilipotulia yeye alitoka akiwa mzima, mkono tu. Mama yake alikuwa kiti cha pembeni, anakoroma, haitiki. Akampigia baba yake simu, kwa kuwa nyumbani si mbali. Baba akafika kwa miguu kabla ya watu. Alimwambia, baba, nimeua. Baba akamwambia aondoke barabarani, akae kwenye migomba, asionekane.

"Nikamwona anakwenda nyuma ya gari. Akamshika Amon makwapani. Akamvuta mpaka mbele, akamkalisha kwenye usukani."

 Elinipendo alikuwa kiti cha pembeni. Alikuwa anavuja damu ndani kwa ndani. Mumewe alimpita yeye, akashughulika kwanza na kumpanga mtu mwingine.

Leodegar alikuwa ameacha kuandika. Akauliza, kwa sauti ya kazi, kama kijana anamaanisha kwamba mzee alihamisha maiti kutoka eneo la ajali.

Davis akainua uso. Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta.

"Hakuwa maiti, afande."

 Daktari Kornel akaishusha mikono. Flavia akashika nguzo ya mashine.

Pamela ndiye aliyepata sauti. Ilitoka ndogo, kavu, kama ya mtu anayeuliza njia.

"Alisema nini?"

"Davis, inatosha," Eliufoo akasema.

"Alidhani anaokolewa," Davis akamjibu Pamela. "Alikuwa anamshukuru. Alisema, 'Asante, mzee. Taratibu, mguu.'"

Afande Leodegar akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukafunga. Akafungua ukurasa mpya.

"Mzee Eliufoo," akasema, "endelea wewe, hapo alipoishia kijana."